Mwenye Jiko Ndiye Mwenye Nyumba

Mwaka 1964, katika shamba lililo karibu na kijiji cha Shanagarry, mashariki mwa kaunti ya Cork nchini Ireland, mke wa mkulima aitwaye Myrtle Allen alitoa tangazo kwenye gazeti akiwakaribisha watu waje kula chakula cha jioni nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka 40 na watoto sita. Hakuwahi kuwa mpishi wa hoteli. Alikuwa akiandika safu ya mapishi katika gazeti la wakulima. Mumewe, Ivan, alilima mboga na matunda na kufuga, na bandari ya wavuvi ya Ballycotton ilikuwa jirani tu. Nyumba yao, Ballymaloe, ilikuwa kubwa kupita mahitaji ya familia. Akafungua chumba cha kulia, akaweka meza, akaanza kupika kile ambacho shamba na mashua vilileta siku hiyo.

Leo migahawa ya namna hiyo, ambayo anayepika ndiye anayeimiliki, imetapakaa katika vijiji vya Ireland, na wapo wanaoiona kuwa anasa ya watu wenye magari mazuri: safari ndefu, barabara nyembamba, bili nene. Siwalaumu kwa kuuliza. Mimi naona swali la kwanza la kuuliza juu ya mgahawa wa kijijini ni hili: nani anaamua kinachonunuliwa? Mpishi akiwa ndiye mwenye nyumba, uamuzi unafanyika asubuhi kwenye mlango wa jiko, mbele ya mvuvi au mkulima aliyeleta mzigo. Uamuzi huo mdogo, ukirudiwa kila siku kwa miaka mingi, umeipa Ireland vyakula ambavyo miaka 60 iliyopita havikuwapo kabisa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili inabidi kukumbuka nchi yenyewe. Ireland ilipigwa na Njaa Kuu kati ya 1845 na 1852, baada ya ugonjwa wa ukungu kuozesha viazi ambavyo maskini walivitegemea kwa karibu kila mlo. Takriban watu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Wakati huohuo meli ziliendelea kupakia nafaka, siagi na mifugo kwenda Uingereza. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Leo, pande zote mbili za mpaka, yaani Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, zikijumlishwa, hawazidi milioni saba na kidogo. Nchi iliyopitia hayo haiwezi kukitazama chakula kizuri kwa macho mepesi. Hata baada ya uhuru kutoka kwa Uingereza, mazao bora yaliendelea kuonekana kama mali ya kusafirishwa. Mpaka sasa karibu asilimia 90 ya nyama ya ng'ombe ya Ireland huuzwa nje.

Ndiyo maana katika miaka ya 1960 mtu aliyeingia katika hoteli nzuri ya Ireland alitarajia menyu iliyoandikwa Kifaransa. Vyakula vya nyumbani, yaani mkate wa soda, kabichi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, viazi vilivyopondwa na siagi, vilikuwa vya jikoni kwa mama, si vya kumwekea mgeni anayelipa. Myrtle Allen alikataa mgawanyo huo. Alisema kwa vitendo kwamba mkate uleule, ukiokwa vizuri kwa unga mzuri, unastahili kitambaa cheupe. Menyu yake iliandikwa upya kila siku, baada ya kujua mashua zimerudi na nini na bustani imekomaza nini. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza wa Ireland kupewa nyota ya Michelin, sifa kubwa inayotolewa na kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa. Alifariki mwaka 2018, na utaratibu wa menyu ya siku ulikuwa umeshaenea nchi nzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jibini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika rasi ya Beara, magharibi kabisa mwa Cork, Veronica Steele alikuwa na ng'ombe mwenye pembe moja aliyetoa maziwa mengi kuliko familia ilivyoweza kuyanywa. Akaanza kujaribu kutengeneza jibini. Hakukuwa na soko la jibini la namna hiyo. Waireland wakati huo walizoea jibini gumu la kiwandani, lile la rangi ya machungwa. Jibini lake, aliloliita Milleens, lilikuwa laini, lenye ganda la waridi lililooshwa kwa maji ya chumvi, na harufu kali inayowatisha wasiolizoea. Lilipata nafasi katika mgahawa mdogo wa kijiji cha Sneem, kaunti ya Kerry, na ni huko ndiko wenye migahawa wakubwa wa Cork, Myrtle Allen akiwamo, walikokutana nalo na kulichukua. Baada ya hapo wanawake wengine wa eneo hilohilo wakafuata: Jeffa Gill na jibini la Durrus, Giana Ferguson na Gubbeen. Hewa ya pale, yenye unyevu na chumvi ya bahari, inawafaa bakteria wanaolipa ganda rangi na harufu.

Jiulize sasa kama jibini lile lingeweza kununuliwa na hoteli yenye ofisi ya manunuzi mjini. Ofisi ya manunuzi inahitaji uzito uleule kila wiki, ankara, cheti, na bei isiyobadilika kwa miezi sita. Mtu mwenye ng'ombe mmoja hana hata kimoja kati ya hivyo. Mpishi mwenye nyumba anaweza kusema: leta ulichonacho, wiki hii vipande vinne, wiki ijayo viwili, nitakilipa na nitakipangia nafasi. Anaweza kununua kondoo mzima badala ya mapaja tu, akaoka mgongo Ijumaa, akachemsha shingo Jumamosi, akatia figo kwenye sahani ya mwanzo, kwa sababu anayepanga menyu na anayelipa ni mtu mmoja. Anaweza kumpokea mvuvi mwenye kaa wachache na kome ndoo mbili, kisha akafuta mstari kwenye menyu na kuandika mwingine saa kumi jioni. Mpishi wa kuajiriwa, hata awe hodari namna gani, atalazimika kwanza kumweleza mtu mwingine kwa nini gharama za wiki zimepanda.

Mgeni hulihisi jambo hili mwilini bila kuelezwa. Ballymaloe kwa desturi humkalisha kwanza kwenye sebule yenye moto, huko anasoma menyu na kuagiza, kisha anaitwa mezani chakula kikiwa tayari. Sahani ya nyama ikiisha mhudumu anarudi na sinia kuuliza kama anataka kuongezewa. Katika migahawa ya kifahari ya mijini kuongezewa ni jambo lisilosikika. Hapa lipo kwa sababu nyumba ile haijaacha kuwa nyumba, na katika nyumba ya shamba mgeni haondoki na njaa. Mwisho huja kigari cha vitamutamu, kinasukumwa meza hadi meza. Mwaka 2019 kigari hicho kilipewa tuzo ya kimataifa mjini Paris. Nilifurahi kuona kitu cha kizamani na cha ukarimu namna hiyo kikitambuliwa.

Miongoni mwa vitamutamu hivyo kuna kimoja kinachotugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Ni kitindamlo kilichogandishwa kwa mwani mwekundu unaochumwa kwenye miamba ya Atlantiki, ukaanikwa, ukachemshwa ndani ya maziwa na kuchujwa. Familia za pwani ya Ireland zimeutumia hivyo kwa vizazi vingi, na waliupa pia wagonjwa wa kifua. Kinachoyagandisha maziwa hayo ni karagenani, na karagenani hiyohiyo ndiyo inayowafanya wanunuzi wa nje kuutafuta mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani. Mwani wao huondoka ukiwa mkavu, ndani ya magunia, kwenda kuingia kwenye aiskrimu na dawa za meno za watu wengine. Huko Ireland, mwani ule ulipata mpishi aliyeuweka mezani kwa jina lake, karibu na mahali ulikochumwa, na mlaji akajua anakula nini. Natamani sana kuona jambo hilo likitokea Jambiani.

Kuna hofu kwamba sifa hizi zote za chakula cha mahali zinaweza kugeuka kuwa ukabila wa jikoni, kwamba anayestahili kupika mazao ya Cork ni mtu wa Cork. Vijiji vyenyewe vimeshaijibu hofu hiyo. Katika kijiji cha Baltimore, kwenye ncha ya kusini magharibi, mpishi Ahmet Dede kutoka Uturuki anapika samaki na kaa wa bahari ile kwa viungo na mbinu za kwao. Mgahawa anaoumiliki pamoja na mshirika wake ulipata nyota ya pili ya Michelin mwaka 2023. Wanaoijua historia ya kijiji hicho wanajua kwamba mwaka 1631 maharamia kutoka Algiers, iliyokuwa chini ya dola ya Waturuki, walikivamia usiku na kuchukua watu zaidi ya 100 kwenda utumwani. Leo Mturuki ndiye anayewaleta watu Baltimore, na wavuvi wa pale ndio wanaomuuzia. Maili chache kutoka hapo, Ballydehob, Rob Krawczyk, ambaye baba yake alileta magharibi mwa Cork ufundi wa kukausha na kuhifadhi nyama wenye asili ya Poland, aligeuza baa ya zamani kuwa mgahawa mdogo na kupata nyota mwaka uleule alioufungua, 2018. Wote wawili ni watu wa mahali pale kwa maana moja inayonitosha: fedha yao inalala pale.

Sasa tuzungumzie fedha yenyewe, maana hapo ndipo sifa nyingi zinapokwama.

Kodi ya VAT kwa chakula cha migahawa nchini Ireland ilishushwa kutoka asilimia 13.5 hadi 9 mwaka 2011, wakati uchumi umeanguka. Ikarudishwa juu mwaka 2019, ikashushwa tena Novemba 2020 wakati wa korona, ikapandishwa Septemba 2023, na bajeti iliyosomwa Oktoba 2025 ikatangaza kuishusha tena kuanzia Julai 2026. Ni mabadiliko matano ndani ya miaka 15. Chukua mgahawa wa kijijini wenye wateja 30 kwa usiku, siku nne kwa wiki, kila mmoja akila chakula cha euro 80. Kwa asilimia 13.5 serikali inachukua takriban euro 9.50 katika kila bili. Kwa asilimia 9 inachukua 6.60. Tofauti ni karibu euro 350 kwa wiki. Kwa kima cha chini cha mshahara cha mwaka 2026, euro 14.15 kwa saa, hizo ni saa 25 hivi za mfanyakazi mmoja, kabla ya michango ya mwajiri. Kwa kampuni yenye hoteli 20 hiyo ni tarakimu kwenye ripoti. Kwa mume na mke wenye meza kumi ndiyo inayoamua kama wataajiri mtu wa kuosha vyombo au wataosha wenyewe usiku wa manane.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mtu wa mjini hayaoni haraka. La kwanza ni divai. Migahawa mingi huambulia zaidi kwenye vinywaji kuliko kwenye nyama, japo vileo hutozwa VAT ya asilimia 23. Mwaka 2011 Ireland ilishusha kiwango cha kileo kinachoruhusiwa kwa dereva kutoka miligramu 80 hadi 50 katika kila mililita 100 za damu, na tangu 2018 hata anayezidisha kidogo ananyang'anywa leseni kwa muda. Ni sheria nzuri. Imeokoa watu, na sitaki ilegezwe hata kidogo. Lakini kijijini hakuna basi la saa tano usiku na teksi ni ya kutafutwa, hivyo mmoja kati ya kila wawili mezani anakunywa maji. Jibu la wengi limekuwa kuongeza vyumba vya kulala juu ya mgahawa au nyuma yake. Neven Maguire amefanya hivyo katika kijiji cha Blacklion, kaunti ya Cavan, mpakani kabisa na Ireland Kaskazini, kwenye mgahawa alioukuta kwa wazazi wake. Kijiji kile kina watu wachache na kilipita katika miaka migumu ya machafuko, na leo mtu anaweka nafasi miezi kadhaa kabla ili apate meza pale.

La pili ni makazi. Mpishi kijana au mhudumu akipewa kazi kijijini anahitaji pa kulala, na katika vijiji vizuri vya pwani nyumba za kupanga zimegeuzwa za watalii wa siku mbili. Kwa hiyo mwenye mgahawa anakuwa pia mwenye nyumba wa wafanyakazi wake, au anafunga jiko siku tatu kwa wiki kwa kukosa mikono. Mgeni anayelalamika kwamba Jumanne kila mahali pamefungwa analalamikia uhaba huo bila kujua.

Haya yote yanaeleza kwa nini menyu ya mlolongo imeshika kasi vijijini: vijisahani vinane au kumi, bei moja, hakuna kuchagua, unalipia unapoweka nafasi. Kwa jiko la watu watatu ni utaratibu wenye akili. Hakuna kinachotupwa, manunuzi yanajulikana, na aliyeweka nafasi kisha asitokee haachi hasara yote kwa mpishi. Nakubali hesabu hiyo. Ninachokipinga ni kuifanya iwe mlango pekee. Mlo wa zaidi ya euro 100 kwa kila mtu, unaochukua saa tatu, unamfungia nje mkulima yuleyule aliyeleta karoti. Anaweza kuja mara moja katika maisha, binti yake akihitimu. Mgahawa ambao jirani hawezi kukaa ndani yake unabaki kuwa mnunuzi mwema, na hilo si dogo, ila kijiji hakiwezi kuuita wake.

Dawa ipo na haina ugumu. Ballymaloe kwa miaka mingi ilijulikana kwa meza yake ya Jumapili, vyakula vimepangwa na kila mtu anajipakulia, watoto wakiwamo. Mpishi mwenye nyota anaweza kuwa na mchana mmoja kwa wiki wa supu ya samaki, mkate na sahani moja ya nyama ya kuchemsha. Shingo ya kondoo ambayo haikufaa kwa menyu ya Ijumaa inakuwa mchuzi wa Jumapili. Katika kibanda cha mawe cha karne mbili huko Doolin, kaunti ya Clare, Robbie McCauley na mkewe Sophie walipata nyota mwaka 2024 muda mfupi tu baada ya kufungua. Maelfu ya watalii hupita karibu na hapo kwenda kuitazama miamba ya Moher. Eneo kama hilo lina wageni wa kutosha kulipia menyu ndefu usiku. Mchana wa majira ya baridi, watalii wakiwa wameondoka na jua likizama kabla ya saa kumi na moja, ni majirani ndio wanaoweza kuwasha taa za chumba cha kulia.

Linalonitia wasiwasi kuliko kodi ni urithi. Ballymaloe ilikuwa na bahati ya familia pana. Hazel Allen, mke wa mmoja wa wana wa Myrtle, aliiendesha hoteli; Darina Allen, mke wa mwana mwingine, alianzisha shule ya upishi mwaka 1983 pamoja na mdogo wake, Rory O'Connell, ambaye kwa miaka mingi aliliongoza jiko la nyumba kubwa. Wanafunzi wa shule ile wamefungua majiko yao nchi nyingi. Lakini mgahawa wa kawaida wa kijijini ni wa mume na mke walioukopea, wakaupikia miaka 25, wakachoka. Watoto wako Dublin au Sydney na hawataki kazi inayoanza asubuhi na kuisha usiku. Jengo likiuzwa kwa bei ya soko linanunuliwa na mtu anayelitaka kwa wiki tatu za Agosti. Mvuvi mwenye kaa wachache anabaki bila mlango wa kugonga, na baada ya miaka miwili anauza mashua.

Serikali ya Ireland na mabaraza ya kaunti wana mikopo na ruzuku kwa biashara ndogo za vijijini. Ningependa sehemu yake iwekwe wazi kwa jambo hili moja: mfanyakazi wa jiko kununua jiko. Mpishi msaidizi wa miaka 28 aliyekaa pale misimu sita, anayejua nani analeta viazi vya mapema na mashua ipi hupiga simu saa ngapi, tayari ameshajifunza sehemu ya kazi isiyofundishwa chuoni. Anachokosa ni dhamana ya benki, na mazungumzo hayo yanapaswa kuanza wakati wenye nyumba bado wana nguvu ya kusimama naye jikoni, kabla dalali hajaitwa.